Askari Aliyepasuliwa Mgongo na Hali ya Moyo Wake



Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Oktoba taifa letu huadhimisha siku lilipojipatia Uhuru wake mwaka 1962. Siku hiyo bendi hupigwa, na askari wetu hupita mbele ya wananchi migongo yao imenyooka kama mishale. Kesho yake, tarehe 10 Oktoba, ni siku nyingine ambayo dunia imeitenga tangu mwaka 1992 kuwa Siku ya Afya ya Akili. Siku hii ya pili haina gwaride. Hupita kimya kimya, watu wakiwa bado na uchovu wa sherehe za jana yake. Mazungumzo yetu ya leo yanaziunganisha siku hizo mbili, kwa kuwa yanahusu mgongo na yanahusu akili. Au tuseme kwa usahihi zaidi, yanamhusu askari aliyepasuliwa uti wa mgongo, akashonwa, akaambiwa kwamba kazi ya kisu imekwisha, lakini mwenyewe haoni kuwa amepona.

Katika nchi hii ni mahali pachache panapouonea mgongo kama Kasese. Milima ya Rwenzori haina huruma kwa mtu aliyebeba mzigo. Wanawake wa Kikonzo hupanda na kushuka miteremko hiyo na vikapu vya mazao migongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, tangu wakiwa wasichana. Wachimba migodi wa Kilembe waliinama chini ya ardhi tangu shaba ilipoanza kutolewa katika miaka ya 1950 hadi kazi hiyo iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na askari, tangu siku ile ya tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe, wamepanda milima hiyo na shanta, risasi na maji ya kunywa, usiku na mvua ikinyesha, mahali ambapo hatua moja ya kuteleza yatosha kumvunja mtu kiuno. Tena tusisahau ajali za malori na za pikipiki katika barabara zetu, wala kifua kikuu, maradhi ambayo wengi hudhani ni ya mapafu peke yake, kumbe huweza kuingia ndani ya pingili za mgongo na kuzila kama mchwa.

Uti wa mgongo ni mnara wa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu kinachofanya kazi kama springi ya gari. Ndani ya mnara huo umepita ugwemgongo, yaani kamba kuu ya mishipa ya fahamu, unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni kama waya wa simu upelekavyo amri za makao makuu hadi kwenye kombania iliyo mbali. Kisahani kikisukumwa nje kikaubana mshipa, maumivu huteremka kutoka kiunoni hadi wayo. Pingili ikivunjika, ule waya wenyewe huweza kubanwa au kukatika. Daktari mpasuaji hukiondoa kile kinachobana, na pengine huzifunga pingili mbili au tatu kwa skrubu na vyuma ili mfupa uote na kuziunganisha. Kuota huko si kazi ya wiki mbili. Huchukua miezi, na kwa wengine mwaka mzima.

Kazi hii ya kisu katika nchi yetu si ngeni. Pale Mulago ilianza kuwekewa misingi mwishoni mwa miaka ya 1960, na Daktari Jovan Kiryabwire alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuishika. Siku hizi mgonjwa wa Bwera halazimiki kufika Kampala kila mara, maana Hospitali ya Rufaa ya Mbarara nayo ina madaktari wa kupasua ubongo na mgongo. Hayo ni maendeleo, na yafaa kusifiwa. Walakini jambo tunalotaka kulizungumza leo huanza pale sifa zinapokwisha, yaani siku mgonjwa anapotoka wodini.

Tumfikirie sajini mmoja. Si mtu fulani tunayemjua, ila msikilizaji yeyote wa kambini ataona kwamba amewahi kumwona. Sajini huyu amepasuliwa Mbarara. Anarudi nyumbani kwa gari kupitia Ishaka, anateremka hadi daraja la Katunguru, anakata mbuga, na pale Kikorongo anageukia kushoto kuelekea Bwera. Na katika safari yote kila tuta la barabarani humfanya ashike kiti kwa mikono miwili, akidhani skrubu zimeng'oka. Daktari alimwambia asibebe vitu vizito. Yeye, kwa hofu aliyokuwa nayo, alisikia kwamba asijongee kabisa. Basi anafika nyumbani na kulala. Wiki sita analala. Choo ni cha shimo, hakina kiti, na kuchuchumaa anaogopa. Mke wake analima peke yake. Usiku usingizi haumjii; anahesabu siku zilizobaki kabla ya kuitwa mbele ya bodi ya madaktari, na anajiuliza kama mshahara utaendelea, kama nyumba ya kambini atanyang'anywa, kama watoto watarudi shule. Misuli ya mgongo na ya mapaja inakonda. Anapojaribu kusimama, maumivu ni makali kuliko yale ya mwezi uliopita. Hapo anasema moyoni: “Nilijua. Wameniharibu.” Analala tena.

Ndugu wasikilizaji, picha iliyopigwa Mbarara yaonyesha kwamba skrubu zipo mahali pake na mfupa unaota vizuri. Hakuna aliyemharibu. Kilichomlaza chini ni mduara: maumivu yamezaa hofu, hofu imezaa kulala, kulala kumezaa udhaifu, na udhaifu umezaa maumivu mapya yanayoithibitisha ile hofu ya kwanza. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameuchunguza mduara huo tangu miaka ya 1980, na wanakubaliana kwamba mtu anayeuogopa mwendo baada ya kupasuliwa mgongo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kubaki na maumivu na ulemavu kuliko mwenzake asiyeogopa, hata kama wote wawili wamepasuliwa na daktari yule yule kwa kisu kile kile.

Pana watu watakaosema kwamba haya ni maneno ya Wazungu, na kwamba maumivu ni maumivu. Na tuwajibu kwa mfano wa vita. Mwaka 1944 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, alikuwa akitibu majeruhi katika mapigano ya Italia. Aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya, zaidi ya mia mbili, kama wanahitaji dawa ya kutuliza maumivu. Karibu robo tatu walijibu kwamba hawaihitaji. Baadaye, aliporudi kwenye kazi ya kiraia, akaona kwamba wagonjwa waliopasuliwa hospitalini kwa utulivu, wenye majeraha madogo kuliko ya askari wale, wengi mno waliomba dawa hiyo. Askari wale hawakuwa na miili ya chuma. Kwao jeraha lilikuwa na maana nyingine: maana yake ilikuwa kwamba wameokoka, vita vyao vimekwisha, wanarudi nyumbani. Kwa raia, jeraha lilikuwa mwanzo wa balaa. Mwili hupeleka habari, lakini ubongo ndio unaoamua habari hiyo isomwe kwa sauti gani.

Basi jiulizeni: sajini wetu wa Bwera, kwake yeye jeraha lina maana gani? Kwake lina maana ya kupoteza kazi, cheo na heshima mbele ya wakwe. Si ajabu basi likimwuma zaidi.

Tena si maumivu peke yake yanayotawaliwa na hali ya moyo. Mwaka 1995 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, huko Marekani, waliwatia kidonda kidogo chenye kipimo kimoja wanawake kumi na watatu waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kupotewa na akili za uzee, na wengine kumi na watatu wasiokuwa na mzigo huo. Vidonda vya wale wenye mzigo vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Mtu mwenye wasiwasi wa muda mrefu, mwili wake humwaga damuni kemikali za hali ya hatari, kana kwamba yumo kwenye lindo usiku na mchana, na kemikali hizo huwapunguzia nguvu askari wa damu wanaojenga upya nyama iliyokatwa. Kama ni hivyo kwa kidonda kidogo cha mkononi, wapaswa kufikiriwa mgongo uliofunguliwa hadi mfupani.

Yako pia maradhi ambayo kwa Kiswahili cha wataalamu huitwa sonona. Siyo huzuni ya siku mbili baada ya msiba. Ni hali ya moyo kuzimika: mtu hapendi chakula, hapendi mazungumzo, haoni faida ya kesho, anaamka saa tisa za usiku na kukaa akitazama giza. Madaktari wa Finland, katika mji wa Kuopio, waliwafuatilia wagonjwa mia moja hivi waliopasuliwa kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo wao ulikuwa umekuwa mwembamba. Waliokuwa na sonona kabla ya kupasuliwa, na ikaendelea baadaye, walipata nafuu ndogo. Lakini matokeo yao yana upande wa pili ambao twaomba usipuuzwe. Wale ambao sonona yao iliondoka katika miezi mitatu ya kwanza walipata nafuu iliyolingana na ya wale ambao hawakuwa nayo tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba sonona haimfungii mtu mlango wa kupona mgongo; yenyewe ni maradhi yanayoweza kuondoka, na kwa hiyo ni kosa kuyaacha bila matibabu.

Hapa tunafika penye ugumu, na hatutaki kupazunguka. Askari hawaambiani mambo haya. Kiswahili chetu cha kambini, lugha iliyowaunganisha watu wa makabila mengi tangu enzi za wakoloni, kina maneno mengi ya kumsimanga mgonjwa kuliko ya kumwuliza habari za moyo wake. Mtu akisema mgongo unamwuma, wiki ya kwanza huitwa “pole afande”. Wiki ya nane huitwa mtoro wa kazi. Akisema kwamba haoni usingizi na anaota damu, hapo watamwita kichaa. Kati ya kuitwa mtoro na kuitwa kichaa askari wengi huchagua kunyamaza, na mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humwumbua.

Wala si askari peke yao. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, wakawaua watu 42, wengi wao wanafunzi. Askari wa jeshi na polisi waliofika baada ya shambulio hilo, pamoja na wazazi na majirani, waliyaona mambo ambayo macho hayayasahau. Mtu aliyebeba picha za namna hiyo kichwani, siku atakapolazwa kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya ajali ya pikipiki au pingili iliyoliwa na kifua kikuu, hataingia pale akiwa na mgongo tu. Ataingia na usiku ule pia. Daktari asiyemwuliza hatajua, na mgonjwa asiyeulizwa hatasema.

Sasa yafaa tuseme waziwazi mambo mawili, maana pande zote mbili hukosea.

La kwanza, kusema kwamba akili huongeza au hupunguza maumivu si kusema kwamba maumivu ni ya uwongo. Kamanda au muuguzi anayemwambia mgonjwa “hayo ni mawazo yako tu” amemwumiza mara ya pili, tena amekosea kitaalamu. Maumivu ya sajini wetu ni ya kweli kabisa.

La pili, na hili ni la hatari zaidi, si kila jambo baya linalompata aliyepasuliwa mgongo ni la kupewa lawama ya moyo. Mgonjwa akipata homa, kidonda kikitoa usaha au maji, mguu ukianza kupoteza nguvu, akishindwa kukojoa au kuuzuia mkojo na choo, au akipata ganzi katikati ya mapaja, basi hapo pasiwe na mazungumzo ya wasiwasi wala ya sala wala ya mganga. Achukuliwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku ule ule, maana mshipa wa fahamu uliobanwa kwa saa nyingi huweza usirudi tena. Hapa Bwera ipo hospitali ya serikali karibu na mpaka, na Kagando iko katika njia ya kwenda Kasese. Kazi ya hospitali hizo katika saa kama hiyo ni kumtambua mgonjwa na kumpeleka mbele haraka.

Jambo jingine ni waragi. Askari aliyenyimwa usingizi na mgongo hupata rafiki katika chupa, na kwa saa mbili au tatu rafiki huyo ni mwema. Lakini vidonge vikali vya maumivu ambavyo hospitali huvitoa baada ya upasuaji, kama vile tramadoli, vikichanganywa na pombe huweza kumsimamisha mtu pumzi akiwa usingizini. Hatusemi haya kwa kuhubiri. Tunayasema kwa sababu asubuhi watu husema amekufa kwa mgongo, na mgongo hauhusiki.

Tena bunduki. Mgonjwa wa kiraia aliyekata tamaa hana silaha chini ya kitanda. Askari anayo, au anajua ilipo. Kila ofisa wa kombania ana mamlaka ya kumpangia mtu kazi isiyokuwa na silaha kwa muda, na jambo hilo laweza kufanywa bila kumfedhehesha, kama lifanywavyo kwa mtu aliyevunjika mkono. Mtu akianza kusema kwamba wenzake watapumzika yeye akiondoka, au akianza kugawa vitu vyake, hapana haja ya kungoja barua ya daktari. Silaha iwekwe mbali naye, na asiachwe peke yake.

Je, moyo hutibiwaje? Watu wengine hudhani kwamba matibabu ya moyo ni Butabika tu, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955, na kwa sababu ya jina lake kutajwa kwa utani mitaani, huona heri kuteseka kuliko kupelekwa huko. Fikira hiyo imepitwa na wakati. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyoondoa ile ya zamani, yataka mgonjwa atibiwe katika vituo vya afya vya kawaida pia, wala asibaguliwe. Na sehemu kubwa ya kazi hata haihitaji daktari wa akili.

Ushahidi wake umetoka hapa hapa Uganda. Katika mwaka 2002 wachunguzi walikwenda katika vijiji thelathini vya Rakai na Masaka. Kwanza walifanya jambo la busara: waliwauliza wananchi wenyewe wanaziitaje huzuni zinazolemaza watu, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Kisha katika nusu ya vijiji wakaunda vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, vinavyokutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu, kwa muda wa wiki kumi na sita. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa nchi hiyo hiyo waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwanzoni watu wapatao tisa katika kila kumi walikuwa na dalili zote za sonona. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, walibaki 6.5 katika kila mia. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, walibaki zaidi ya nusu.

Vikundi hivyo havikuwa vya watu waliopasuliwa mgongo, na hatutaki kumdanganya msikilizaji kwamba kidonda kitafungwa kwa mazungumzo. Lakini kambi ya askari, ndugu wasikilizaji, ni kikundi tayari. Ina ratiba, ina viongozi, ina watu waliokwisha kuonana katika shida. Kinachokosekana ni saa moja na nusu, na mtu wa kuiongoza aliyefundishwa kunyamaza na kusikiliza. Kwa maafande wengine jambo la pili litakuwa gumu kuliko kupanda Rwenzori.

Upande wa mwili na moyo kwa pamoja, wataalamu wa tiba ya viungo wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitoa mwaka 2016 habari ya wagonjwa 86 waliokuwa wakiogopa mwendo baada ya kupasuliwa mgongo. Nusu yao walifundishwa kwa majuma sita, mengi yake kwa simu, namna ya kujiwekea lengo dogo la kila siku, kutembea hatua kadhaa, kesho kuongeza, na kuijibu hofu inapowajia. Miezi mitatu baadaye walikuwa na maumivu na ulemavu mdogo kuliko wenzao. Watu 86 ni wachache, wala hilo si neno la mwisho. Ila tazameni chombo kilichotumika: simu. Chombo hicho kipo Bwera. Muuguzi wa Mbarara anaweza kumpigia sajini wetu kila Jumatatu na kumwuliza amefika wapi, kwenye mwembe au kwenye barabara.

Na kwa wale ambao waya wenyewe ulikatika, ambao daktari hakuweza kuwarudishia miguu? Habari yao ni nyingine, na hao wasifarijiwe kwa maneno matupu. Hadi Vita Kuu ya Pili, askari aliyevunjika uti wa mgongo namna hiyo alihesabiwa kuwa maiti anayengojewa. Wengi walikufa katika muda mfupi kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Mwezi Februari 1944, Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa wodi ya majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na akakataa kabisa walale tu wakitazama dari. Aliwapa kazi za karakana. Aliwapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, askari wa zamani kumi na sita, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Michezo ya Olimpiki ya walemavu ya leo ilizaliwa pale. Guttmann hakuwatafutia burudani. Alijua kwamba mtu asiyekuwa na la kufanya kesho haoni sababu ya kukubali kugeuzwa usiku wa leo, na asipogeuzwa atakufa. Jeshi letu nalo lina kituo chake cha majeruhi huko Mubende, na wakuu wake wanaelewa vizuri tunachosema.

Turudi Bwera tumalize. Kabla askari hajapelekwa kupasuliwa, afande wake amweleze ukweli kuhusu mshahara, nyumba na bodi ya madaktari, hata kama ukweli huo hauna utamu, kwa sababu kitu kinachomnyima mtu usingizi ni kile asichokijua. Daktari amwulize: unalala? unakunywa? uliwahi kuona jambo ambalo bado linakurudia? Na kama moyo umezimika, utibiwe kwanza au pamoja na mgongo, isipokuwa pale ambapo upasuaji hauwezi kungoja. Anapotoka hospitali, mke wake au jamaa anayemwuguza awepo chumbani wakati maagizo yanatolewa, na maagizo yatolewe kwa lugha wanayoielewa wote wawili, kama ni Lukonzo basi Lukonzo, yakitofautisha kati ya kubeba na kutembea. Kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya choo cha shimo, fundi yeyote wa Kasese anaweza kukipiga kwa siku moja. Wenzake wa platuni wamtembelee katika wiki ya nane kama walivyomtembelea katika ya kwanza.

Na kama yeye mwenyewe anatusikiliza jioni hii akiwa amelala: daktari wa kambi au Hospitali ya Bwera wanaweza kumwandikia barua ya rufaa. Wodi za afya ya akili ziko Mbarara, na ziko pia katika Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal, ambayo kutoka Kasese ni safari ya asubuhi moja. Aseme kuhusu mgongo, na aseme pia kuhusu usiku.